Mwenye Jina Hakuulizwa

Mke wangu husema naishi Johannesburg kama mtu aliyezuiwa na mvua. Ni kweli. Cherehani yangu ipo sebuleni karibu na dirisha, jikoni si mbali, kitandani si mbali, na wateja hupanda ngazi wenyewe hadi ghorofa ya tatu, kwa kuwa lifti ya jengo letu ilikufa kabla sijahamia na hakuna aliyeizika. Nashona sare za shule, nafupisha suruali za walinzi, naongeza nafasi kwenye magauni ya watu walionenepa ambao husema gauni ndilo lililosinyaa. Yeoville nzima, mtaa wetu, naijua kwa sauti zinazopanda dirishani.

Anayetoka nje ni yeye mke wangu. Ana saluni huko chini barabarani, anasuka vichwa tangu asubuhi, na jioni anarudi na habari za nusu ya Afrika. Anatoka Bukavu, mimi natoka Tanga, na kila mmoja anaamini Kiswahili cha mwenzake kina homa.

"Weye ndiye mwanamuke wa hii nyumba," hunitania akivua viatu. "Mi ndiye bwana."

"Ndiyo, bwana. Chakula kipo mezani," humjibu, na kwa kweli huwa kipo.

Nyumba ilikuwa yao kabla haijawa yangu. Siku niliyohamia na cherehani mgongoni, binti yake alikuwa na miaka mitatu, amesimama mlangoni na kidole mdomoni. Mama yake akamwambia, "Huyu ni fundi." Basi, nikawa Fundi. Miaka ikapita. Nikamkesha akiwa na homa, nikajifunza kumsuka mabutu ambayo mama yake huyafumua kimyakimya kabla hajaenda shule, nikahudhuria hata mikutano ya wazazi, mimi ambaye kwenda dukani tu hujipanga tangu jana yake. Nikabaki Fundi. "Fundi, nina njaa." "Fundi, kuna mende bafuni." Baba yake mzazi alikwenda Cape Town kutafuta kazi kabla mtoto hajazaliwa, akaipata, na familia nyingine juu yake. Hatukumsema sana. Mtoto naye hakumuuliza sana.

Jina lake la cheti lina hadithi yake. Mke wangu alijifungua peke yake hospitalini, amechoka, na nesi akamuuliza mtoto ataitwaje. Akatazama kifua cha nesi, akasoma kibandiko cha jina lake, akamtajia hilohilo. "Alikuwa nesi muzuri," husema mpaka leo, kana kwamba kuna mtu aliyebisha. Ni jina la watu wa hapa, zuri, na shuleni limemwepushia mengi. Ila halikutoka kwa mtu wetu yeyote.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba. Hakuna kikao, hakuna mjadala, ni kama unavyojua mkono upi wa kulia chakula. Mimi nilifika umri ambao wenzangu wanapata wajukuu, na jina la mama yangu bado lilikuwa limekaa, sina wa kumpa. Jioni moja tunakula, mtoto ameshalala, nikasema nataka kumpa huyu.

Mke wangu akaacha kutafuna. "Hivi tu, humu nyumbani?"

"Hapana. Mbele ya watu."

"Weye? Mbele ya batu?" Akacheka hadi akashika meza. Kisha akafuta macho kwa kiganja, na nikaona kwamba alichokuwa anakifuta hakikuwa kicheko.

Sasa, mbele ya watu wapi? Kanisani kwake wanabatiza. Msikitini kwangu, ambako nafika Ijumaa ambazo mke wangu amenisukuma, mtoto huadhiniwa sikioni akiwa bado mwekundu, siyo akiwa na miaka saba na meno mawili ya mbele hayapo. Hakuna aliyetukataa. Ila kila upande ulitaka kwanza kuuliza kuhusu upande wa pili, na mimi maswali ya namna hiyo hunifanya nikumbuke kwamba kuna pindo sijalimaliza. Ndipo mteja mmoja wa saluni, akiwa ameinamishwa kichwa, akamwambia mke wangu kuna mama Mkenya ambaye kazi yake ni hiyo: kuongoza sherehe za watu wasioingia vizuri kanisani wala msikitini. Anafungisha ndoa, anaaga wafu, anawapa watoto majina.

Akaja Jumamosi mchana. Alikuwa mwanamke mpana, mtulivu, aliyewahi kufanya kazi benki huko Sandton mpaka akachoka, kama alivyosema mwenyewe, kuona watu wakilia kwa sababu moja tu. Nilimkagulia kiti cha wateja kisiwe na pini, nikamkaribisha.

"Poleni na hizo ngazi zenu," alisema akipumua. "Haya. Watu wengi wakiniita ni kwa sababu wamekosana na dini ama wamekosana na familia. Nyinyi mmekosana na nani?"

"Na mutu hapana," mke wangu akajibu. "Sisi tuko bavivu tu."

Akacheka, akafungua kompyuta yake ndogo juu ya rundo la sare. Tukaanza kupanga. Mke wangu alitaka ukumbi. Mimi nilitaka hapahapa sebuleni, nikaeleza kwamba tukisukuma friji nje kwenye ukumbi wa ngazi, watu wanaenea. Mke wangu akamwambia yule mama kwamba mumewe angeweza angezikwa humuhumu sebuleni ili asisumbuke kutoka. Tukahamia kwenye chakula: yeye sombe, kisamvu cha kwao, na fufu, mimi pilau. Yule mama akasema yeye anakula vyote, tuandike vyote. Kisha akauliza nani atalitamka jina kwa mara ya kwanza.

"Wewe," nikasema haraka.

"Mimi ni mgeni tu. Jina linatoka kwako, utalisema wewe. Kwa sauti."

Nikaanza kupanga upya mikasi yangu. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa furaha kubwa.

"Na mtoto mwenyewe," yule mama akaendelea, bila kuinua macho, "anasema aje?"

Tukatazamana. Mtoto wakati huo alikuwa ghorofa ya chini, kwa mama wa Kirundi, anaangalia katuni.

"Kwetu mtoto haulizwi jina," nikasema. "Ataulizwa vipi akiwa na siku saba?"

"Wa siku saba simuulizi, baba. Lakini huyu yuko na miaka saba. Ana jina, analiandika, na akiitwa anaitika. Sasa hapo tuko na kazi. Mimi nitamuuliza peke yake, nyinyi mkiwa mbali. Akisema ndiyo, tunafanya. Akisema hapana, tunakunywa chai na mimi naenda zangu."

"Atasema ndiyo," mke wangu akasema. "Ule mutoto iko na akili."

Mpaka pale nilikuwa nahofia kusimama mbele ya watu tu. Haikuwa imenipitia akilini kabisa kwamba anaweza kukataa. Angekataa nini hasa? Asingekuwa anakataa jina la bibi asiyemjua. Angekuwa anajibu swali ambalo sijawahi kumuuliza kwa miaka yote ile, kama mimi ni mtu wake au ni fundi anayelala mle ndani.

Jumamosi iliyofuata yule mama akaingia na mtoto chumbani, wakafunga mlango. Sisi tukawekwa jikoni. Nikashika kisu nikaanza kukata vitunguu.

"Papa, kitunguu ya nini?" mke wangu akauliza. "Tunapika chai."

"Vya baadaye."

"Baadaye ya lini? Umekata ya wiki muzima."

Sauti zilipita mlangoni lakini maneno hayakupita. Mara mtoto akicheka, mara kimya, mara sauti nzito ya yule mama ikiuliza kitu na kungoja. Aliyesema Johannesburg ina kelele hajawahi kusikiliza mlango wa chumba chake mwenyewe.

Walipotoka, mtoto alikuwa na uso wa mwalimu mkuu.

"Hajakataa," yule mama akasema. "Pia hajakubali. Yuko na swali, na si la mimi kujibu. Uliza, mrembo."

Mtoto wetu Kiswahili anakisikia chote, hasa kile tunachonong'ona, ila kusema husema Kiingereza kilichochanganywa na Kizulu cha uwanja wa shule. Kwa Kiingereza hicho akaniuliza, "Anajua?"

"Nani?"

"Mama yako. Anajua unanipa jina lake?"

Mke wangu akanigeukia. Yule mama akanigeukia. Mimi nikaigeukia birika.

"Bado," nikasema. "Atajua. Kwetu ni heshima, mtu akisikia kuna mtoto amepewa jina lake anafurahi tu."

"Kwa hiyo hujamwomba."

"Siyo kwamba sijamwomba, ni kwamba..."

"Haibo," akasema mtoto, kwa mshangao ule wa watu wa hapa, akaenda kukaa kwenye kochi na kukunja mikono.

Yule mama akafunga kompyuta yake polepole. Nadhani alikuwa anajizuia asicheke, na nilimshukuru. Tulikuwa tumepanga friji, sombe, pilau, viti na wageni, na katika mpango wote ule watu wawili tu hawakuwa wameulizwa: mwenye jina na mwenye kupewa. Wa kwanza alikumbukwa na wa pili.

Sababu ya kutomwambia mama yangu haikuwa kubwa, ilikuwa ya mtu mwoga tu. Mama yangu ana ulimi. Nilijua swali lake la kwanza litakuwa "mtoto wa nani?" na nilijua ningelijibu kwa kukohoa. Nikaona afadhali apate habari jambo likiwa limekwisha, wakati mtu hawezi tena kusema hapana isipokuwa kwa kuharibu sherehe.

Wiki ile nilishona suruali ya mlinzi yenye miguu miwili ya kushoto. Mtoto alikuwa chini ya meza ya kukatia, mahali pake pa siku zote, anachora vitambaa vilivyobaki kwa chaki yangu.

"Fundi," akasema. "Ukichukua krayoni yangu ukampa rafiki yangu, bila kuniuliza. Rafiki yangu ni mzuri. Lakini umeiba."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Nikakanyaga cherehani kidogo ili nipate muda. Nikamweleza kwamba jina si krayoni, kwamba halipungui likigawiwa. Nikatoa mfano wa karatasi ya kukatia gauni: unakata gauni la huyu, unakata la yule, karatasi inabaki nzima. Nilijiona nimesema vizuri sana. Alinisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mtoto aliyesema mbwa kala daftari.

"Nitamuuliza mwenyewe," akasema, akarudi kwenye chaki.

Jumapili baada ya kula tukapiga simu Tanga. Mama yangu, kila tukimpigia kwa video, hutuonyesha paji la uso na feni ya darini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda, ni simu."

"Basi simu imekonda. Una nini leo, mbona umechana nywele?"

Nikaanza mbali. Nikamwambia baridi ya huku, kazi za huku, bei za nyuzi. Nilikuwa naelekea kwenye afya ya majirani aliponikata.

"Baba, sema unalotaka. Bando lako linakwisha na mimi mkojo umenibana."

"Kuna mtu anataka kuzungumza nawe," nikasema, nikamkabidhi mtoto simu kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa.

"Mwoga," mke wangu akaninong'oneza, akanisogezea kiti nikae.

"Shikamoo, bibi." Salamu walikuwa wameshapeana mara nyingi, mimi nikiwa katikati kama mkalimani. Leo alisimama katikati ya sebule, peke yake, na Kiswahili alichokuwa amekiandaa. Alikitoa neno moja moja, kama anayetembea na kikombe kilichojaa. "Bibi, mimi nataka kuomba."

"Omba, mjukuu wangu."

"Nataka kuomba jina yako."

"Jina langu? Ukalifanyie nini?"

Akafikiri. "Kuitwa."

"Nani kakutuma?"

Mtoto akageuka akanitazama, akarudi kwenye simu. "Fundi."

"Fundi gani?"

"Huyu wako."

Feni ya Tanga ikatoweka, likaja jicho moja, kubwa, limejaa kioo kizima. "Mwanangu ndiye anaitwa Fundi humo ndani?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya. Anashona vizuri?"

"Kidogo."

Mke wangu akajiziba mdomo kwa taulo la vyombo. Ningekuwa na mahali pa kwenda ningekwenda, ila ndiyo hivyo, mimi ni mtu wa nyumbani.

"Jina langu halikai na mtu mwoga," mama yangu akaendelea. "Wewe unaogopa nini?"

"Mende."

"Hata mimi. Unakojoa kitandani?"

"Bibi," mtoto akasema kwa uchungu wa kweli, "mimi ni mkubwa."

"Mkubwa wa wapi, hata meno huna."

"Na wewe huna."

Nikafumba macho. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwetu bibi na mjukuu ni watani, kwamba mjukuu ana ruhusa ya kumwambia bibi yake maneno ambayo sisi watoto wake tungepigwa kwa kuyasema. Aliingia mwenyewe kwa mlango huo kama aliyeonyeshwa. Upande wa pili mama yangu akacheka. Kile kicheko chake cha kukohoa mwishoni sikuwa nimekisikia tangu enzi za baba.

"Lakini bibi," mtoto akangoja kikohozi kiishe, "mimi nikichukua, wewe unabaki na nini?"

Paji la uso likarudi, nyuma yake feni ikizunguka.

"Unajua mimi huku naitwaje?" akauliza.

"Bibi."

"Bibi kwa wajukuu. Kwa majirani mimi ni mama wa kaka yake huyo fundi wako. Hospitali naitwa mzee. Sokoni naitwa shangazi na watu nisiowajua. Walionita kwa jina langu ni mama yangu na dada zangu, na wote wametangulia. Babu yako mwenyewe, miaka yote, aliniita 'wewe' na 'mama nanii'. Jina lipo, mjukuu wangu. Zima, halijachanika popote, limekaa tu. Wewe ukilivaa, na mimi nitakuwa nalisikia."

Mke wangu aliondoa taulo mdomoni akalipeleka machoni. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikimsikiliza mama yangu mzazi akisema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata mara moja, mimi niliyekuwa napanga kumpa heshima.

Mtoto akaitikia kwa kichwa polepole.

"Sawa, bibi," akasema. "Nitafikiria."

Nikataka kuinuka. Nitafikiria, baada ya yote yale?

"Fikiria," mama yangu akajibu. "Hata mimi ningefikiria. Nipe huyo fundi."

Nikaipokea simu. Jicho lilikuwa limerudi.

"Mtoto wa nani huyu?" akauliza.

Lilikuwa ndilo swali lenyewe, na kikohozi hakikuja. "Wangu," nikasema.

"Nimeona. Kwa ulimi ule," akasema, "nimeona." Akakata, kwa sababu ya lile la kubanwa.

Siku zilizofuata simu ya mke wangu ikawa haipatikani jioni. Ilikuwa chumbani na mtoto, mlango umefungwa, na Tanga ilikuwa ndani. Mimi niliambiwa nisiulize. Nilishona nikisikiliza, na nilichopata kusikia ni vicheko na, mara moja, mama yangu akimwambia mtu arudie tena, safari hii kwa kuvuta.

"Wanasema nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Mi najua?" akasema. "Mi niko mama tu. Mu hii nyumba sasa tunangoja nafasi."

Kisha yule mama wa sherehe akapiga simu, mchana, mimi peke yangu nyumbani. Akaniambia mtoto amemtumia ujumbe wa sauti. "Amesema ndiyo, baba. Na ameniambia nisikwambie yale mengine."

Nikasema asante, nikakaa kwenye kiti cha wateja bila kukikagua. Pini ilikuwepo. Nikakaa nayo kwa muda.

Sherehe ikawa sebuleni. Friji tulilisukuma nje, likakaa pale juu ya ngazi kama mlinzi, na wageni waliochelewa walisimama nalo. Walikuwepo wasusi wa saluni na nywele zao za sherehe, mama wa Kirundi wa chini, walinzi wawili wateja wangu, na wanakwaya wenzake mke wangu waliokuja, walisema, kuangalia tu, wakala kuliko wote. Gauni la mtoto nilikuwa nimelishona la kitenge alichochagua mama yake, na mfuko wa mbele aliouagiza mwenyewe. Chini alivaa raba za shule na hakuna aliyethubutu kumgusia. Mama yangu alikuwepo pia, ameegemezwa kwenye kopo la sukari, na leo mtu alimsaidia kushika simu vizuri, akaonekana uso mzima, amejitanda kanga mpya.

Yule mama wa sherehe alisimama karibu na cherehani na kusema maneno mazuri, machache, kuhusu watu wanaotoka mbali na vitu wanavyobeba visivyokaguliwa mpakani. Kisha akauliza, "Nani anampa mtoto huyu jina?"

Nilikuwa nimekariri sentensi nzima. Nilikuwa nimeisema kwa kioo, kwa friji, kwa suruali ya mlinzi. Ikaondoka.

"Mimi," nikasema.

"Inatosha," mke wangu akanong'ona nyuma yangu. "Endelea."

Nikalitamka jina. Nililisema kwa sauti ninayotumia kumuuliza mteja kipimo cha kiuno.

"Waliosimama na friji hawajasikia," yule mama akasema.

Basi nikavuta pumzi nikaliita. Sikulisema tena, nililiita, kama nilivyokuwa nasikia marehemu bibi yangu mzaa mama akiliita kutoka uani, silabi ya mwisho ikirefushwa mpaka iruke ukuta.

"Abee," wakaitika.

Walikuwa wawili. Mtoto aliitika hapo mbele yangu, kwa kuvuta, kama binti yeyote wa Tanga anavyoitika akiitwa na mkubwa, jambo ambalo mimi sikumfundisha. Na kutoka kwenye kopo la sukari mama yangu aliitika papo hapo, sauti ikiwa juu, nyembamba, siyo ya umri wake. Ilimtoka kabla hajajua. Nilimwona akipandisha kanga mdomoni.

Walinzi wakatazama chini.

"Nimeitika mimi," mama yangu akasema baadaye kidogo, akijikaza.

"Hapana, bibi, ni mimi."

"Mimi nimekutangulia."

"Mtandao unachelewa. Mimi ndiye nimekutangulia."

Yule mama wa sherehe akatazama karatasi yake, akaona haina msaada, akaikunja. Akainama kwa mtoto. "Jina umelipokea?"

"Nimelipokea."

"Kuna neno ungependa kumwambia aliyekupa?"

Mtoto akanitazama kuanzia viatu hadi juu. Akanyoosha ukosi wa shati langu, ambao kweli ulikuwa umelala vibaya.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili.

Watu wakacheka. Mimi nikabaki nimesimama, nikidhani amekosea, nikitafuta namna ya kumrekebisha bila kumwaibisha mbele ya wageni.

"Hajakosea huyo," ikasema sauti ya kwenye kopo. "Mwenye jina langu ni nani wako? Wewe ulitaka uwe baba wa mtu, sasa una mama wawili. Mbona umesimama kama mlingoti, huna masikio? Unaitwa."

Mke wangu alikuwa amenishika mkono kwa nyuma, anaubana.

"Naam," nikasema. "Naam, mama."

"Niletee kiti," akasema mtoto. "Nimesimama muda mrefu."

Nikaenda kumtafutia kiti.